Upande wa Kuvu

Mpendwa Senge,

Umeniuliza swali moja dogo na leo ni siku ya tisa sijakujibu. Umeniuliza mbona kwenye picha niliyokutumia mahindi ya Mzee Likhanga yametoa ndevu mwezi wa pili. Ulicheka kidogo kwenye ule ujumbe wa sauti, ukasema labda siku hizi huku Kabras mvua ina ratiba mpya. Nikasikia bomba likifungwa jikoni kwa watu, na ujumbe ukaisha. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ningekuwa na ujasiri ningekupigia simu. Sina, kwa hiyo naandika.

Picha ile ni ya zamani. Zote nne ni za zamani. Nilizipiga siku moja, mwezi wa sita mwaka jana, wakati mahindi ya kila mtu yana ndevu, na tangu mwezi wa kumi na moja nimekuwa nikikutumia moja kila mwezi, nikiandika chini yake, "Senge, leo nilipita kwa jiwe letu." Sikupita. Ile ya nne peke yake ndiyo ilikuwa na shamba kwa nyuma, na mimi, mtoto wa mkulima, mwalimu wa kilimo, sikuyaona mahindi. Jiwe unaloliona kwenye picha hizo halipo tena.

Baada ya kuandika sentensi hiyo nilitoka nje kwenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa. Sasa nimerudi. Nitakueleza yote, hata yale ambayo ningeweza kuyaficha na usiyajue kamwe.

Najua kwa nini unauliza. Mwajiri wako huko ugenini anataka uongeze miaka miwili, na unatakiwa umpe jibu kabla ya mwezi huu kwisha. Uliniambia mwezi wa kwanza, kwa ile sauti ya kunong'ona unayoitumia watu wa nyumba hiyo wakiwa karibu: "Mama hayuko tena. Nyumba yake iko na kufuli. Kitu inaningojanga huko nyumbani ni ile jiwe tu. Kama iko, nakuja. Kama haiko, nakujia nini?" Nikakujibu kwamba liko. Nikakutumia picha ya tatu.

Mtu mwingine akiisoma barua hii anaweza kudhani namwandikia mama wa makamo mwenye leso kichwani. Umenipita miaka minne tu. Wewe ulikuwa kitinda mimba wa babu, mimi mtoto wa kwanza wa mwanawe wa kwanza, tukalelewa boma moja na kugombania kijiko kimoja cha mbao. Lakini wewe ni dada wa baba yangu, shangazi yangu kamili, na mimi sina ruhusa ya kukuita kwa jina. Shuleni ulikuwa unakuja hadi mlangoni mwa darasa letu na kusimama hapo mpaka niseme "Senge" wenzangu wakisikia. Nikisema kwa sauti ndogo ulinifinya sikio. Ulikuwa unaifurahia sana kazi hiyo.

Ulipotoka Nairobi, baada ya ile kazi ya kupokea wageni kwenye jumba la mazoezi, ulirudi na sanduku moja na viatu vya zambarau vilivyokubana vidole mpaka ukawa unachechemea. Mteja mmoja alivisahau na hakuvirudia. Ulitusimulia wakati wa chakula kwamba kule kuna ukuta wa mbao wenye vishikio vya plastiki, na watu wazima hutoka ofisini kwenda kuupanda. Babu alikuwa bado hai. Tonge lake la obusuma likasimama njiani.

"Na wakifika huko juu wanachukuanga nini?"

"Hakuna kitu, baba. Wanashuka."

"Basi hao ni wagonjwa," akasema, akaendelea kula.

Wiki iliyofuata ugonjwa huo ulikuanza wewe mwenyewe, na mimi ukaniambukiza.

Kila tuliyemuuliza palipo na jiwe kubwa karibu na mji alitutuma Ilesi, kwa lile linalolia. Tulienda, tukalitazama kutoka chini, ukasema hilo ni la wazee na la wageni wenye kamera, halipandwi. Basi tukaanza kutafuta letu. Jumapili baada ya kanisa tulishika barabara ya Malava, tukaingia kila kinjia kilichokata miwa, tukauliza wachungaji wa ng'ombe na akina mama waliobeba kuni. Ulisema mwenye kubeba kuni anayajua mawe yote kwa sababu ndiye anayeyazunguka na mzigo. Mengi tuliyoonyeshwa yalitufika magotini. Moja lilikuwa kubwa la kutosha lakini liko katikati ya makaburi ya watu, na jingine lilikuwa na nyuki.

Na kila mahali walitushuku dhahabu. Huku kwetu mtu akionekana anazunguka mawe na kuyagonga-gonga, watu hawamdhanii shida nyingine. Mzee Likhanga alipotukuta mara ya kwanza nyuma ya shamba lake la mahindi, alitusalimia vizuri, mulembe, mulembe, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema taratibu, "Kama ni dhahabu mseme tu. Shamba ni yangu, lakini mimi si mtu wa roho mbaya. Tunagawana."

"Si dhahabu, mzee," ukamwambia. "Tunataka tu kupanda juu ya hii jiwe yako, tushuke."

Akalitazama jiwe. Akalitazama godoro nililokuwa nimebeba kichwani. Kisha akatutazama sisi wawili.

Lile godoro, Senge. Wenzetu wa Nairobi walikuwa na mikeka minene ya kuangukia. Sisi tulikuwa na godoro la kitanda changu cha chuo, tumelifunga kwa kamba ya katani, na tulipita nalo mbele ya makanisa matatu kila Jumapili, msichana na kijana, tukielekea vichakani. Ndiyo maana ulinilazimisha nikuite kwa sauti kila tulipokutana na watu. "Senge, ngoja kidogo." "Senge, kamba imelegea." Niliita mpaka koo likakauka, na bado habari zilimfikia bibi kabla hatujafika nyumbani. Alitucheka mpaka akaketi chini.

Jiwe la kwa Likhanga lilikuwa na kimo cha nyumba ndogo ya mabati, na lilikuwa na pande mbili. Upande ulioelekea kwake ulikuwa mkavu na laini, kwa sababu ng'ombe walijisugua hapo na jua la asubuhi liliupiga. Huo tuliumaliza kwa mwaka mmoja. Njia ya kwanza ya kupandia tuliiita Kwaresima, kwa sababu ilitutesa wiki sita kamili. Nyingine tuliiita Mama Mkwe, kwa kuwa huwezi kuiendea uso kwa uso, lazima upite pembeni umeinamisha kichwa. Nilileta vipande vya chaki kutoka darasani, tukavisaga na kuvitia kwenye soksi, tukawa tunajipaka vidoleni kuzuia jasho. Mwalimu mkuu alishangaa jinsi darasa la nne lilivyokuwa linakula chaki.

Kila njia uliipanda wewe kwanza. Mimi nilibeba godoro. Ulipokuwa unapanda nilisimama chini mikono wazi nikudake, na zamu yangu ilipofika ulikuwa umeshaketi juu unanielekeza mahali pa kuweka mguu. Nilicheka, nikatii. Sikukuambia kwamba jambo hilo lilikuwa linaniuma. Mwaka mzima nilitamani kitu kimoja, nifike mahali ambapo wewe hujafika.

Upande wa pili ulielekea barabara ya udongo, ya murram, wanakopitisha matrekta ya miwa, lakini kutoka barabarani hukuweza kuuona. Kichaka cha lantana kiliufunika hadi juu ya vichwa vyetu, na nyuma ya lantana kulikuwa na kuvu ya kijani, nene ya kuzamisha kidole, imeshuka kutoka kileleni mpaka chini. Tuliuita Upande wa Kuvu. Ulipenya nyuma ya lantana kwa magoti, ukasafisha vishikio vinne kwa mswaki, vinne tu, na hukuniruhusu kugusa kingine.

"Tukate hii lantana, Senge," nikasema. "Tuoshe yote, tuone jiwe."

"Usijaribu. Hii upande tuiache na nguo zake."

"Kwa nini?"

Ulinijibu ukiwa umekaa kwenye godoro, unachomoa mwiba kiganjani. "Mama yangu alivunjanga kokoto pale barabarani mpaka nikamaliza darasa la nane. Mimi ndio nilikuwa nampelekea maji. Wale wa lori wanakujanga wakiangalia tu. Jiwe chafu wanapita. Ile safi, ile inang'aa, ndio wanashukia."

Ulinieleza waziwazi hivyo, kwa maneno ambayo wanafunzi wangu wangeyaelewa. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema, Senge anataka njia ibaki ngumu ili ibaki yake.

Jumapili yako ya mwisho kabla ya kusafiri uliujaribu mara kumi na moja. Kila mara ulifika kishikio cha nne, ukakikosa, ukaja chini kwenye godoro na kwenye mikono yangu. Mara ya mwisho ngozi ya kidole ilikuwa imetoka na hukutaka niitazame. Ulivua vile viatu vya zambarau ukavitia mkobani. "Hii ni yangu," ukasema. "Ukiipanda kabla sijarudi nitakulaani, na unajua vile laana ya senge inashikanga." Ulikuwa unacheka. Kisha ukaacha kucheka, ukasema, "Nisaidie tu ikae."

Miezi ya kwanza uliniandikia kila Ijumaa. Ulisema mahali ulipo ni tambarare, hata kichuguu hakuna. Ulisema mama mwenye nyumba akienda sokoni unaning'inia kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwa ncha za vidole, ili vidole visisahau. Nilikuwa najivunia sana barua hizo, nikiwasomea walimu wenzangu, na hakuna hata mmoja aliyeamini kwamba mtu anaweza kuning'inia mlangoni kwa hiari yake.

Kisha bibi akafariki, na hukupata ruhusa ya kuja kumzika mama yako. Nilikushikia simu juu ya vichwa vya watu kaburini, mkono ukafa ganzi, nikabadilisha mkono. Nilijua unaona migongo na miavuli tu. Mchungaji alipofika kwenye maneno ya mavumbi mtandao ukakatika, na uliporudi kaburi lilikuwa limeshafukiwa na wanaume wanapangusa majembe. Uliuliza, "Tayari?" Nikasema tayari. Hukulia. Ungelia ningejua la kufanya.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane nilienda kwa Likhanga peke yangu. Ningependa kusema ni majonzi yaliyonipeleka, na kweli yalikuwapo. Sikuweza kukaa boma lile na kiti cha bibi kikiwa kitupu barazani. Lakini nilibeba panga, ndoo na brashi ya waya, na mtu aliyetoka tu kwenda kuomboleza habebi brashi ya waya. Nilikuwa nakwenda kuwa wa kwanza.

Nilifanya kazi wiki tatu. Nilikata lantana yote nikang'oa na mizizi. Nilichimba udongo uliozika tako la jiwe, nikakuta linaendelea chini zaidi ya tulivyodhani. Kuvu niliikwangua kwa panga, kisha nikasugua kwa brashi na maji ya mto, ikawa inatoka vipande vikubwa-vikubwa. Chini yake jiwe lilikuwa la kijivu lenye chembe za waridi, na likilowa mvua lilimeta jua likipita. Siku moja Mzee Likhanga alikuja na kikombe chake cha chai akasimama nyuma yangu.

"Mwalimu, siku hizi unaoshanga mawe?"

"Naosha kidogo tu, mzee."

"Haa. Sikujua iko hivi kubwa." Akalizunguka mara mbili, polepole, chai ikipoa mkononi. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye brashi yangu, sikutilia maanani.

Jumamosi ya mwisho ya likizo niliupanda. Nilianguka mara sita bila mtu wa kunidaka, mara moja nikaangukia nje ya godoro, na mpaka leo goti linaniuma nikipanda ngazi za shule. Mara ya saba nikapita. Sasa hili nakupa kwa sababu ni lako. Kile kishikio cha nne tulikuwa tunakishika vibaya wote wawili. Tulikuwa tunakivamia kwa juu. Chini yake, pale kuvu ilipokuwa nene, kulikuwa na mwanya wa kuingiza vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kiganja kikitazama juu, na ukishaushika huo unaweza kusimama ukapumua. Mwanya huo ulikuwa shubiri moja kutoka pale mkono wako ulipoponyoka mara kumi na moja.

Juu nilikaa labda dakika tano. Niliona mabati ya Likhanga na miwa hadi macho yalipoishia, na trekta linapita barabarani. Dereva aliniona, akainua mkono, nami nikainua wangu. Niliingoja furaha. Nikageuka kutazama chini nione nani ameniona, nikaliona godoro. Nikashuka kwa upande wa Kwaresima nikaenda nyumbani, na Ijumaa uliponiuliza habari za jiwe nikakuambia linaota kuvu tu.

Muhula ulipoanza kazi zilinizidi. Nilirudi kule Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, na harufu ya tairi niliipata nikiwa bado barabarani. Unajua wanavyofanya, umekulia hapo. Wanawasha tairi kuukuu na magogo juu ya jiwe kutwa nzima, likishika moto wanalimwagia maji, linapasuka lenyewe, halafu inakuja mitaimbo na nyundo. Kwaresima ilikuwa imeondoka. Mama Mkwe ilikuwa imelala ubavu. Upande wa Kuvu ulikuwa umebaki nusu, mweusi kwa moshi, na wanawake sita wameketi chini ya turubai wakigonga, kila mmoja na rundo lake.

Mzee Likhanga alinikimbilia. Sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia. Alinishika mikono yote miwili. "Mwalimu, wewe ndio ulinifungua macho. Yule dereva wa trekta aliona hii jiwe vile inang'aa, akaambia mwenye lori, mwenye lori akakuja mwenyewe. Miaka yote nalalanga na kitu kama hii nyuma ya nyumba, sijui. Sasa na hii pesa mama wa nyumba anatengenezwa macho." Akageukia jikoni akaita, "Mama, washa moto. Tunachinja ingokho, ile jogoo kubwa."

Kwetu mtu akikuchinjia kuku huondoki. Ukiondoka umemwambia nyumba yake ni chafu. Niliketi. Walinipa kiti chenye kitambaa. Mkewe, ambaye macho yake yalikuwa na utando mweupe na alikuwa anapapasa meza kabla ya kuweka sahani, alileta obusuma na kuku, na juu kabisa ya bakuli langu waliniwekea firigisi. Hiyo hula mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa ameketi hapo hapo. Akanisukumia bakuli. "Leo ni yako. Kula, mwanangu." Nje nyundo zilikuwa zinagonga. Niliitafuna firigisi ile, Senge, nikaimeza, nikasema asante.

Ningeweza kumchukia ningepumzika. Lakini hakuiba kitu na hakuvunja ahadi ya mtu. Jiwe lilikuwa lake, na kama ningeliacha na nguo zake angeendelea kulipita akienda kukamua, kama baba yake alivyolipita. Aliyeambiwa ni mimi. Mkewe ameshafanyiwa upasuaji wa jicho moja na linaona. Juzi alinitambua sokoni kabla sijamsalimia, akafurahi sana kuniona. Hata hilo sijui niliweke wapi.

Nilipokuwa natoka siku ile, mama mmoja mzee chini ya turubai alimwambia jirani yake, "Hii haina taka hata kidogo. Kuna mtu alisafisha." Kati ya miguu yake kulikuwa na kipande chenye alama nyeupe ya chaki. Nilitaka kumwomba. Nikaona haya kumweleza ninakitakia nini, naye akakiweka sawa akakipiga nyundo.

Wiki iliyofuata uliomba picha. Niliandika ukweli mara tatu nikaufuta. Nikatafuta kwenye simu, nikaipata ile ya kwanza, na ulipojibu kwamba umeifungua jikoni ukasahau sufuria motoni, nilijua nimeingia mahali ambapo sitatoka kwa urahisi. Ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Hilo linanitisha kuliko yote, jinsi ya pili ilivyokuwa rahisi.

Sasa pale pana shimo. Mvua za mwisho zililijaza maji na Likhanga amelizungushia miiba ng'ombe wasitumbukie. Sijatafuta jiwe jingine. Njia ya Malava naipita kwa lazima tu, na nikiyafikia yale malundo ya kokoto kando ya barabara nageuza uso, ingawa najua letu limeshakwenda zamani, limo ndani ya nguzo na sakafu za watu nisiowajua. Godoro nalilalia. Jumapili nikitoka kanisani narudi nyumbani moja kwa moja na kusahihisha madaftari.

Kwa hiyo usirudi kwa ajili ya jiwe. Nakuomba sana, usije ukashuka Kakamega na sanduku lako ukaniambia twende kwa Likhanga. Ukitaka kunilaani, nilaani, sitasema ulikuwa mzaha. Na ukiamua kubaki miaka hiyo miwili nitaelewa, sitakutumia mtu wa kukubembeleza. Nitaendelea kufagia kwa bibi kila Jumamosi kama ulivyonituma. Hiyo ni kweli, ninafagia, unaweza kumuuliza jirani yeyote.

Limebaki moja. Miezi hii yote nilikuwa najiambia kwamba nakudanganya ili usivunjike moyo ugenini. Si kweli. Ulisema kinachokungoja nyumbani ni jiwe tu, na hilo "tu" nililisikia. Mimi niko hapa, Senge. Nilikuwa hapa muda wote, chini, mikono wazi. Niliogopa kwamba siku utakayojua jiwe limeondoka utatazama huku nyumbani, utaniona nimesimama peke yangu, na utaitia sahihi ile karatasi ya miaka miwili.

Mulembe, Senge.

Mtoto wa kaka yako